Kurejelewa Mara Elfu Mbili Kunapima Nini?

Mzee amekaa mbele ya daktari. Anaulizwa leo ni tarehe ngapi, na hapa ni wapi. Anatajiwa vitu vitatu, avirudie. Kisha anaambiwa atoe 7 kwenye 100, atoe 7 tena, na tena: tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa. Baadaye kidogo anaombwa avikumbuke vile vitu vitatu, na mwisho anachora pembetano mbili zinazoingiliana. Alama zote ni 30.

Kipimo hiki kilichapishwa nchini Marekani mwaka 1975 na Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh. Makala yao imerejelewa makumi ya maelfu ya mara katika utafiti wa Alzheimer, ugonjwa unaoua seli za ubongo polepole na kumpokonya mtu kumbukumbu zake, na katika tafiti nyingine nyingi za wazee. Idadi hiyo inatoka wapi?

Mtafiti anapoandika, hana budi kusema kila alichochukua kwa mwenzake amekitoa wapi. Akiitaja makala ya mtu, makala hiyo imepata rejea moja. Anaweza kuwa ametumia kipimo chake, amejenga juu ya matokeo yake, au anampinga vikali. Kwenye hesabu kila mojawapo ni moja tu. Akina Folstein wanatajwa sana kwa sababu kila anayechunguza wazee wenye usahaulifu lazima aeleze amewapimaje.

Sasa mtu mmoja tumpimeje? Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa h. Panga makala za mtafiti kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha hesabu ukishuka. Tuseme mtafiti wa kwanza ana makala tano zenye rejea 25, 8, 5, 3 na 3. Anazo angalau makala tatu zenye rejea tatu au zaidi kila moja, lakini hana nne zenye nne au zaidi. Basi h yake ni 3. Wa pili ana 6, 5, 5, 4 na 4. Ukijumlisha, ana rejea 24 dhidi ya 44 za mwenzake, lakini h yake ni 4. Kipimo cha h kinamtuza anayefanya kazi nzuri mara kwa mara kuliko aliyeng'ara mara moja. Hilo nalipenda. Lakini h haishuki kamwe, hivyo mkongwe humzidi kijana bila jasho jipya, na anayechunguza malale, maradhi yenye watafiti wachache, hawezi kulinganishwa na wa Alzheimer, ambako waandishi ni wengi na wote wanatajana.

Kuna swali zito zaidi: je, kilichotajwa sana ni kweli?

Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Walieleza kwamba wamepata umbo fulani la protini ya amiloidi beta, wakaliita Aβ*56, na kwamba panya waliodungwa umbo hilo walipoteza kumbukumbu. Ilikuwa habari kubwa, maana wengi walikuwa wakitafuta ni umbo lipi la protini hiyo linalodhuru ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Makala ikarejelewa zaidi ya mara 2,000. Wakati huohuo maabara kadhaa zililitafuta umbo hilo zisilipate, lakini kutopata hakuchapishwi kwa urahisi.

Ushahidi wa makala hiyo ulikuwa kwenye picha za mistari myeusi inayoonyesha uzito wa protini. Daktari wa mishipa ya fahamu, Matthew Schrag, alizikagua akaona dalili za kuchezewa, na Julai 2022 jarida la Science likachapisha habari za uchunguzi wake. Juni 2024 makala ilibatilishwa rasmi: picha zilikuwa na dalili za kuungwaungwa, kurudufiwa na kufutwafutwa.

Inaniuma nikifikiria miaka kumi na minane hiyo, kwa sababu kila mwaka uliopotea ulikuwa wa mgonjwa fulani asiyemtambua tena mwanawe.

Rejea zenyewe hazikufutwa. Bado zimehesabiwa, zaidi ya 2,000, kando ya neno linalosema makala imebatilishwa.