Mwongozo na Toleo Lake: Utunzaji wa Maelezo ya Programu Huria

Kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa mapema kwamba kipimo kisichotaja kizio si kipimo. Anayesema kuwa urefu wa meza ni "mbili" hajasema neno, kwani msikilizaji hajui kama ni mita mbili au futi mbili. Katika elimu ya kompyuta iko kanuni inayofanana na hiyo, ingawa haifundishwi mara nyingi: maelezo ya programu yasiyotaja toleo la programu hiyo hayajakamilika. Yaweza kuwa yameandikwa na mtaalamu hodari, kwa lugha iliyo safi, na bado yakampotosha msomaji, kwa sababu ni ya kweli kwa toleo moja na si ya kweli kwa toleo jingine.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na jinsi watengenezaji wa programu huria wanavyopanga kazi yao ili kila toleo liwe na mwongozo wake. Mfano mkuu ni Python, lugha ya kuandikia programu ambayo hutumika sana kufundishia shuleni na vyuoni.

MAANA YA TOLEO

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya amri zinazoiongoza kompyuta, umewekwa wazi ili kila mtu aweze kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza kwa kufuata masharti ya leseni yake. Python ni mojawapo ya programu hizo. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum, raia wa Uholanzi, na tangu hapo imeendelezwa na watu wa nchi mbalimbali, wengi wao wakifanya kazi hiyo kwa kujitolea.

Kwa kuwa kazi hiyo haikomi, msimbo hubadilika mara kwa mara, na mtumiaji wa kawaida hawezi kuyafuata mabadiliko yote. Kwa sababu hiyo, kila baada ya muda watengenezaji huichukua hali ya msimbo jinsi ilivyo, huifanyia majaribio, huipa nambari, kisha huitoa kwa umma. Hali hiyo iliyofungwa na kupewa nambari ndiyo iitwayo toleo.

Nambari ya toleo huandikwa kwa sehemu zinazotengwa kwa nukta, kama vile 3.12.1. Hapa mwanafunzi hana budi kujihadhari, kwani nukta hizo si nukta za desimali. Katika hesabu 3.1 na 3.10 ni sawa. Katika Python toleo 3.1 lilitolewa mwaka 2009, na toleo 3.10 lilitolewa mwaka 2021. Kati yao yako matoleo manane, kuanzia 3.2 hadi 3.9. Nambari ya pili husomwa "tatu nukta kumi", na kila sehemu huhesabiwa peke yake.

Aidha, maana ya sehemu hizo hutofautiana kati ya programu na programu. PostgreSQL, ambayo ni programu huria ya kuhifadhi na kupanga taarifa, ilikuwa ikitumia sehemu mbili za kwanza kutaja toleo kuu, kwa mfano 9.6. Kuanzia mwaka 2017 sehemu ya kwanza pekee ndiyo inayotaja toleo kuu, kwa mfano 10. Hivyo basi, msomaji anapaswa kujua kwanza desturi ya programu anayoitumia kabla ya kuamua kama matoleo mawili yako karibu au yako mbali.

KOSA LENYE SAUTI NA KOSA LA KIMYA

Mtu anaposoma mwongozo wa toleo lisilo lake, aweza kupatwa na makosa ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni kosa lenye sauti. Toleo 3.6 la Python, lililotolewa mwaka 2016, lilileta njia mpya ya kuchanganya maneno na thamani, ambapo herufi f hutangulia alama za kufungulia maneno. Mwanafunzi mwenye toleo 3.5 akiifuata njia hiyo, kompyuta hukataa papo hapo na kuonyesha kuwa maandishi yana kosa. Atapoteza muda wake, lakini hatadanganyika.

Namna ya pili ni kosa la kimya, nalo ndilo la kuogopwa. Ichukuliwe kwamba mwalimu anataka kutafuta wastani wa alama za mwanafunzi katika masomo manne, nazo ni 52, 47, 50 na 50. Jumla yake ni 199. Mwalimu anaiagiza kompyuta igawe hivi:

199 / 4

Katika Python 3 jibu ni 49.75. Katika Python 2 jibu ni 49. Amri ni ile ile, herufi kwa herufi, na hakuna onyo lolote linalotokea. Sababu ni kwamba katika matoleo ya 2, nambari nzima ikigawanywa kwa nambari nzima, kompyuta iliitupa sehemu iliyobaki na kurudisha nambari nzima pekee. Ikiwa shule imeweka alama ya kufaulu kuwa 50, na wastani hukadiriwa kufikia nambari nzima iliyo karibu, basi mwanafunzi huyo amefaulu kwa hesabu ya kompyuta moja na ameanguka kwa hesabu ya kompyuta nyingine. Mwalimu aliyefuata mwongozo wa Python 3 akiwa mbele ya kompyuta yenye Python 2 hana la kumshtua.

Badiliko hili halikufanywa kwa ghafla. Mwaka 2001, katika toleo 2.2, watengenezaji walileta alama ya //, ambayo maana yake ni kugawa na kuacha baki, ili walioihitaji maana ya zamani wawe na njia ya kuitaja waziwazi. Mwezi Desemba 2008 lilitolewa toleo 3.0, nalo likaipa alama ya / maana inayofahamika katika hesabu. Matoleo ya 2 yaliendelea kutunzwa hadi tarehe 1 Januari 2020. Kwa muda wa miaka 11, basi, alama moja ilikuwa na maana mbili zilizo halali, na kilichomwezesha msomaji kujua ni ipi iliyomhusu kilikuwa nambari ya toleo juu ya mwongozo wake.

JINSI MIONGOZO INAVYOTUNZWA

Utunzaji wa miongozo kwa kufuata matoleo hutegemea hatua tano.

Kwanza, maelezo huwekwa mahali pamoja na msimbo. Miradi mingi hutumia Git, chombo cha kuweka kumbukumbu za mabadiliko kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Maelezo yakikaa ndani ya hifadhi hiyo hiyo, anayebadilisha tabia ya amri fulani aweza kudaiwa abadilishe na maelezo yake kwa wakati ule ule, na wakaguzi wakavipima vyote viwili pamoja kabla ya kuvikubali.

Pili, kila toleo kuu hupewa tawi lake. Tawi ni mkondo wa kazi unaojitenga na shina. Toleo linapokaribia kutolewa, tawi hukatwa, likiwa na msimbo na maelezo ya wakati huo. Shina huendelea kupokea mambo mapya, lakini tawi hupokea marekebisho ya makosa tu. Hivyo mwongozo wa toleo la zamani hausemi habari za chombo ambacho toleo hilo halina.

Tatu, ndani ya maelezo yenyewe huwekwa alama za wakati. Sphinx, programu iliyoundwa na Georg Brandl na kutolewa mwaka 2008 kwa ajili ya miongozo ya Python, ina alama za kazi hiyo, zikiwemo hizi tatu: moja hutaja toleo ambalo jambo lilianza, nyingine hutaja toleo ambalo jambo lilibadilika, na ya tatu hutaja toleo ambalo jambo lilianza kuachwa. Kwa mfano, sehemu iitwayo distutils ilitangazwa katika toleo 3.10 kuwa inaachwa, kisha ikaondolewa kabisa katika toleo 3.12 mwaka 2023. Aliyesoma onyo hilo mapema alipata miaka miwili ya kujitayarisha.

Nne, kila mwongozo huchapishwa katika anwani inayotaja toleo lake, na kila ukurasa huonyesha nambari hiyo mahali pa wazi. Katika kurasa za PostgreSQL iko safu ya nambari ambayo humwezesha msomaji kuhama kutoka ukurasa mmoja hadi ukurasa wa jambo lile lile katika toleo jingine. Mpango huu ni wa lazima kwa kuwa wasomaji wengi hawaingii kwa mlango wa mbele. Huletwa na mtambo wa kutafutia, ambao huwatua katikati ya kitabu, nao aghalabu hawajui kitabu hicho ni cha mwaka gani.

Tano, miongozo ya zamani huwekewa ilani juu yake, lakini haifutwi. Miongozo ya Python tangu toleo 1.4 la mwaka 1996 imehifadhiwa na yaweza kusomwa. Programu iliyoandikwa miaka 15 iliyopita yaweza kuwa bado inafanya kazi ofisini au maabarani, na anayeitengeneza anahitaji mwongozo wa siku zake. Mtafiti anayetaka kuyarudia mahesabu ya zamani na kupata jibu lile lile ana haja hiyo hiyo.

GHARAMA YA KAZI HIYO

Yawezekana mtu akauliza kwa nini miradi yote haifanyi hivyo. Jibu ni kwamba kazi hii ina gharama. Kosa la maelezo likigunduliwa leo, halina budi kusahihishwa katika shina na pia katika kila tawi lililo hai. Wakati mwingine sentensi iliyosahihishwa haiwezi kupachikwa katika tawi la zamani bila kubadilishwa, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa tofauti. Mradi ukiwa na matawi matano hai, sahihisho moja laweza kuwa kazi ya mara tano.

Ndiyo maana miradi huweka ukomo. Kila toleo kuu la PostgreSQL hutunzwa kwa miaka mitano, kisha huachwa, na mwongozo wake hubaki kama ulivyo. Ukomo huo hutangazwa mapema, ili kila mtumiaji ajue siku ambayo toleo lake litakosa mtunzaji.

WAJIBU WA MWALIMU NA MWANAFUNZI

Mambo yaliyoelezwa hapo juu si ya watengenezaji peke yao. Mwalimu anayeandika notisi za somo la kompyuta naye ni mwandishi wa mwongozo, na notisi zake zina toleo, awe amelitaja au hakulitaja. Akizifasiri kwa Kiswahili kutoka katika kitabu cha kigeni bila kuandika nambari ya toleo, anawaachia walimu watakaomfuata kipimo kisicho na kizio.

Yafaa basi kila somo lianze kwa kuuliza kompyuta yenyewe. Amri ya python --version huonyesha toleo lililomo. Ndani ya Python, amri kama help(round) huonyesha maelezo mafupi yaliyofungwa pamoja na toleo lile lile, hivyo ni vigumu maelezo hayo yahitilafiane na programu. Shule isiyo na intaneti ya kudumu yaweza kupakua mara moja mwongozo mzima wa toleo lililomo katika kompyuta zake, kwani mwongozo wa Python hutolewa pia katika majalada ya kuchukuliwa, na kuuweka katika kila kompyuta. Siku kompyuta zitakapobadilishiwa toleo, mwongozo nao ubadilishwe.

Mwanafunzi naye ajizoeze kuandika nambari ya toleo juu ya kila zoezi, pamoja na tarehe na jina lake. Jibu likitofautiana na la kitabu, swali la kwanza liwe hili: kitabu kinasema habari za toleo gani? Mara nyingi itaonekana kuwa mwanafunzi hakukosea, na kitabu hakikukosea, ila wawili hao hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja.

MAZOEZI

1. Panga matoleo yafuatayo kuanzia la zamani hadi jipya: 3.9, 3.12, 3.2, 3.10, 2.7.

2. Mwanafunzi mwenye Python 2 aliandika 7 / 2 na akapata 3. Mwenzake mwenye Python 3 alipata 3.5. Andika amri itakayowapa wote wawili jibu la 3, na ueleze ilianza katika toleo gani.

3. Katika Python 2 amri ya round(2.5) hutoa 3.0, na katika Python 3 hutoa 2. Je, hili ni kosa lenye sauti au kosa la kimya? Toa sababu.

4. Chukua notisi zozote za somo la kompyuta zilizomo darasani. Tafuta nambari ya toleo. Ikiwa haimo, ijaribu mifano yake katika kompyuta ya shule, kisha uandike juu ya notisi hizo mifano hiyo ilijaribiwa kwa toleo lipi na tarehe gani.