Kinachoizuia redio ya tarakimu isihame stesheni

Ukiiacha redio ya kuzungusha kwa mkono juani, chini ya mkorosho pale Lukuledi, baada ya muda sauti huanza kukwaruza na unalazimika kuitafuta stesheni upya. Koili na kapasita zimepata joto, masafa yamehama. Redio ya tarakimu hubaki palepale. Inashikiliwa na kitanzi cha kufunga fezi, wazo aliloliandika Mfaransa Henri de Bellescize mwaka 1932.

Watazame wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mchi huu ukipanda, ule unashuka. Anayechelewa husikia mchi wa mwenzake umefika wapi, naye hukaza mkono kidogo. Pale mchi ulipofika katika safari yake ndipo fundi anapopaita fezi.

Tuseme unataka 98.5. Ndani ya redio kuna kitoa mawimbi kinachotakiwa kutoa megahezi 109.2, yaani 10.7 juu ya stesheni. Kigawanyi huyagawa kwa 1,092, zikabaki kilohezi 100. Kristali, ambayo joto haliiyumbishi sana, nayo huleta kilohezi 100 zake. Kilinganishi huangalia nani katangulia, na tofauti hiyo hugeuka volti ya kukirudisha kitoa mawimbi mahali pake. Ukibonyeza kwenda 98.6, 1,092 inakuwa 1,093, basi.

Ugumu uko kwenye kichujio cha volti hiyo. Kosa dogo la masafa hulimbikiza kosa la fezi, kama msafiri anayekuacha hatua moja kila dakika. Ukitumia kapasita peke yake, nayo inalimbikiza. Walimbikizaji wawili katika kitanzi kimoja huyumba huku na huko bila kutulia. Dawa yake naiona nzuri mno: rezista moja tu, mfululizo na kapasita, ili sahihisho liitikie kosa la sasa hivi, si deni la nyuma pekee. Wabunifu wengi hulenga kipimo cha kutuliza mtikisiko cha karibu 0.7, na kasi ya kitanzi isiyozidi sehemu ya kumi ya masafa yanayolinganishwa. Hapa, kilohezi 10. Ukizidisha, kuyumba kunarudi.

Redio ikionyesha namba lakini inavuma tu, mwombe fundi apime volti ya dayodi ya kutafutia stesheni, ndiyo ile volti inayokirudisha kitoa mawimbi mahali pake, kabla hajabadilisha chipu. Namba zikipanda, volti nayo ibadilike. Ikiwa imeganda sifuri au juu kabisa, kitanzi hakijafunga: aanze na kristali, hasa kama redio iliwahi kuanguka, kisha akague viungo vya risasi.