Palizi ni Mavuno ya Kwanza
Somo kuhusu mboga zinazoota zenyewe, kwa wanachama wa koperative za Masisi na Walikale



Katika somo hili tunazungumza juu ya mboga ambazo hakuna mtu anayezipanda. Mvua ya mwezi wa tisa ikishika, zinatoka zenyewe shambani, kando ya nyumba, mahali ng'ombe walilala, na pembeni ya njia. Tukiuliza mashambani, mara nyingi tunajibiwa: «Hiyo haiko mboga, ni majani tu.» Halafu jembe linapita, na mboga zinatupwa kwenye mpaka wa shamba kukauka.

Tutaonyesha kwamba majani hayo yanaweza kuokoa mavuno ya maharagi. Hapana mchezo, ni hesabu ya shamba.

Njaa ya katikati ya Msimu A

Kwetu Masisi tunapanda Msimu A mwezi wa tisa, na maharagi tunayavuna karibu na mwezi wa kwanza. Katikati hapo, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, shamba ni kijani lakini sufuria ni tupu. Maharagi ya zamani yamekwisha au yamepanda bei sokoni. Kwa familia zilizokimbia zikarudi, au zilizopokea wageni waliokimbia, ni vigumu zaidi.

Basi mama anafanya nini? Anaingia katika maharagi yake mwenyewe na kuchuma majani ya kupika. Kila mtu hapa anayajua majani ya maharagi, na ni mboga nzuri. Lakini jani la haragi ndilo jiko la mmea. Ndani yake jua linageuzwa kuwa chakula kinachokwenda kujaza punje. Ukichuma machache kwa kila mmea ukiwa mchanga, unapona. Ukirudi kila siku mbili, na hasa wakati wa maua, unapunguza maganda na punje. Leo umekula majani, mwezi wa kwanza utavuna nusu gunia mahali ulipongoja gunia.

Hapo hapo, katikati ya mistari ya maharagi, kuna lengalenga na isogi zinazomwibia haragi mbolea, maji na mwanga. Zinapaswa kuondolewa. Kwa nini tule jani la haragi na kumtupa mwizi wake?

Palizi ya kwanza ya maharagi tunaifanya wiki 2 au 3 baada ya kuota. Wakati huo huo lengalenga na isogi ziko laini, tayari kwa sufuria. Kwa hiyo siku ya palizi usibebe jembe peke yake. Beba na kitunga. Ng'oa kwa mkono mboga unazozijua, kata mizizi, weka kitungani, kisha pitisha jembe kwa majani mengine. Kazi ni moja, faida ni mbili.

Tunachuma nini?

Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kikumu na lugha nyingine zina majina yao. Ndiyo sababu tunaeleza sura ya mmea. Jina peke yake linaweza kutupoteza.

*Lengalenga.* Majani mapana yenye mishipa inayoonekana vizuri upande wa chini. Shina laini, kijani au jekundu. Maua ni mashuke yenye mbegu ndogo sana, nyeusi na za kung'aa. Inapenda mahali penye samadi.

*Isogi*, ambayo Tanzania wanaiita mgagani. Jani limegawanyika kama vidole vya mkono, mara nyingi 5. Shina lina vinywele na linanata kidogo. Maua ni meupe au ya zambarau hafifu, na maganda ya mbegu ni marefu na membamba. Ina harufu kali na uchungu kidogo. Ichume kabla ya maua, kwa sababu ikishatoa maua majani yanakuwa madogo na machungu zaidi.

*Isogo*, ambayo Tanzania wanaiita mnafu. Maua madogo meupe yenye kitovu cha njano. Matunda madogo ya mviringo yananing'inia kwa vishada. Tunakula majani na ncha laini tu. Matunda mabichi ya kijani yana sumu, yasiingie katika sufuria.

*Nderema.* Inapanda juu ya miti na uzio, mahali penye unyevu. Majani ni manene, ukiyapika yanateleza kama bamia. Ndugu zetu wa Walikale wanaweza kuikata karibu mwaka mzima, kwa sababu kule mvua haikatiki muda mrefu.

Kutambua: pua inadanganyika

Mfano wa mbali utatusaidia. Ulaya, baridi ikiisha, watu wengi wanaingia msituni kuchuma kitunguu saumu cha porini. Wanakula majani yake mabichi au wanayapika. Lakini kuna mimea mingine yenye majani yanayofanana nayo sana, na ina sumu ya kuua. Watu wamekufa. Wengi wanategemea harufu: wanasugua jani, likinuka saumu wanachuma. Tatizo ni kwamba baada ya kuchuma majani machache vidole vyenyewe vinanuka saumu, na kila jani linalofuata litaonekana kuwa ni saumu.

Kwetu ni hivyo hivyo. Ukiwa na kitunga cha isogi, harufu yake inafunika kila kitu. Kwa hiyo tuangalie kwa macho, mmea mmoja mmoja, na tusikate kwa panga kundi zima la majani.

Adui mkubwa ni datura. Inaota mahali pale pale lengalenga inapopenda: kwenye jalala, kwenye zizi, kwenye udongo wenye samadi. Majani yake yana pembe pembe zisizo sawa, na ukiyaponda yananuka vibaya. Ua ni jeupe au la zambarau, refu kama tarumbeta. Tunda lina miiba. Sehemu zote zina sumu, majani na mbegu pia, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2019, kaskazini-mashariki ya Uganda, katika Karamoja, unga wa lishe uliochafuliwa na sumu ya datura uliugusha mamia ya watu, na watu 5 wakafa.

Dalili zake ni hizi: kinywa kinakauka, mboni za macho zinapanuka, moyo unakwenda mbio, mtu anasema maneno yasiyoeleweka na hawatambui watu wake. Wengine watasema amerogwa. Hapana. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, na mchukue mabaki ya mboga ili muganga aone.

Tushike sheria ya mama wawili: mboga isiingie sufuriani mpaka watu wazima wawili wanaoijua wakubaliane. Mtoto akitumwa kuchuma, mtu mkubwa akague kitunga kabla ya kuosha.

Uyoga hatuuweki katika somo hili. Kuna uyoga ambao sumu yake haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha, na maumivu yanaanza masaa 6 au zaidi baada ya kula, wakati sumu imekwisha kufanya kazi. Eti mdudu akiula basi ni mzuri: si kweli.

Mahali pa kutochuma

1. Katika shamba la viazi (birayi) lililopigwa dawa ya mildiu. Dawa haichagui: imeanguka juu ya kirayi na juu ya isogo pia.
2. Kando ya choo, na mahali maji machafu yanapopita.
3. Katika mashamba yaliyoachwa ambako kulikuwa na mapigano. Ukiona kitu cha chuma usichokijua, usiguse, usitupie jiwe. Rudi kwa njia uliyokujia na utoe habari kwa wakubwa wa kijiji.
4. Ndani ya mipaka ya hifadhi, kama Virunga, Kahuzi-Biega na Maiko. Mboga tunazozitaja zinapatikana tele nje.

Neno moja kwa wenye viazi: isogo na kirayi ni ndugu wa ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko wa bakteria unaweza kukaa katika isogo. Ndani ya viazi, ing'oe yote. Ile ya mbegu iache mahali pengine.

Kuchuma leo na kesho

Ndani ya maharagi tunang'oa. Lakini kando ya nyumba tusing'oe. Tukate ncha, tuache shina lenye macho chini, na litachipua tena. Isogi ikianza maua, vunja ua, nayo itaendelea kutoa majani.

Acheni mimea kama 10 ya kila aina, ile yenye afya, ikomae pembeni ya shamba. Mbegu ya isogi inalala: ukiivuna leo na kuipanda kesho itakataa kuota. Ihifadhi mahali pakavu miezi kadhaa, ndipo uipande.

Kupika bila kutupa faida

Osha majani kabla ya kuyakata. Ukikata kwanza halafu ukaosha, unamwaga vitamini pamoja na maji. Weka mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A ya majani inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Karibu na kuepua, ongeza nyanya au ndimu: inasaidia mwili kupokea chuma kinachoongeza damu. Chai tuinywe baadaye, si pamoja na chakula, kwa sababu inazuia chuma hicho.

*Isogo kwa maziwa (Masisi).* Chemsha maji kwanza. Tia majani ya isogo, kitunga kidogo kimoja, uache dakika 10 hadi 15. Mwaga maji hayo, yamebeba uchungu. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, rudisha isogo, mimina maziwa nusu lita na chumvi, acha yachemke taratibu mpaka yawe mazito. Kula na birayi za kuchemsha.

*Lengalenga kwa mawese (Walikale).* Chemsha majani dakika 5 na kumwaga maji. Pasha mawese, lakini yasitoe moshi mpaka yapoteze rangi, kwa sababu rangi ile nyekundu ndiyo vitamini A. Kaanga kitunguu, nyanya na kiganja cha sambaza au ndagala. Changanya na lengalenga, funika dakika 10. Kula na ndizi au fufu. Nderema unaweza kuipika hivyo hivyo bila kuichemsha kwanza.

Isogi ikizidi, ichemshe kidogo, uitandaze juu ya ungo na kuikausha kivulini penye upepo. Jua kali linaharibu vitamini A.

Mboga za maskini?

Wengine wanaona haya kuzipika mgeni akiwapo. Kenya pia ilikuwa hivyo, mboga za kienyeji ziliitwa chakula cha maskini. Watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta walifanya kazi miaka mingi juu ya mbegu zake, kilimo chake na lishe yake. Leo mnafu na mgagani zinauzwa hata katika supamaketi za Nairobi, na mwaka 2021 UNESCO iliandika kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili katika orodha ya mifano mizuri ya kuigwa. Mboga ni ile ile inayotupwa mpakani mwa shamba letu.

Zoezi la kikundi

Kabla ya palizi ijayo, kila kikundi kichague mistari 10 ya maharagi. Katika mistari 5 msichume jani la haragi hata moja, mle mboga zilizoota katikati. Katika mistari 5 mingine chumeni majani ya maharagi kama kawaida. Paliliani yote kwa siku moja. Mwezi wa kwanza pimeni kila upande kwa mzani ule ule, na muandike katika daftari la koperative.

Maswali ya kujadili:

1. Katika kijiji chetu, nani anajua mboga hizi zaidi, na vijana wanajifunza kwake namna gani?
2. Datura inaota wapi karibu na nyumba zetu? Nani ataing'oa, na lini?
3. Mwaka jana tulianza kuchuma majani ya maharagi mwezi gani, na tulivuna kiasi gani?

Tukikutana tena, leteni daftari. Tunawatakia palizi njema.