Dawa za Kuzibua Pua: Zitumie kwa Siku Chache Tu

Baridi ya Juni hadi Agosti huja na mafua, na kuanzia Timau hadi Runyenjes wengi wetu hukimbilia duka la dawa kununua matone au dawa ya kupuliza puani. Kwenye pakiti nyingi utasoma jina xylometazoline au oxymetazoline. Pua huziba kwa sababu mishipa midogo ya damu ndani yake imevimba; dawa huibana mishipa hiyo, na baada ya dakika chache hewa hupita. Virusi vya mafua haiviui.

Ukizidisha siku tatu hadi tano, mambo hugeuka. Dawa ikiisha nguvu pua huziba kuliko mwanzo, nawe unapuliza tena. Mtu anaweza kukaa na kichupa miezi mingi akidhani mafua yamekataa kupona, kumbe kinachoziba pua ni dawa yenyewe. Tiba ni kuiacha. Utasumbuka kwa siku kadhaa, kisha pua itafunguka. Zahanati inaweza kukusaidia kuvuka kipindi hicho.

Vidonge na dawa za maji za mafua zenye pseudoephedrine zina hatari nyingine, kwa kuwa hufanya kazi mwili mzima. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya tezi dume asizimeze kabla ya kumuuliza mfamasia. Na hapa kwetu kuna jambo ambalo mnunuzi hulisahau kwa urahisi: miraa na muguka. Majani hayo yana kathinoni, ambayo nayo huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha presha. Anayetafuna jioni huku amemeza vidonge hivyo anaubebesha moyo mizigo miwili. Mwambie mfamasia ukweli. Hakuuliza ili akuseme.

Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe dawa hizi bila agizo la daktari, wala asitiliwe hata tone moja kutoka kichupa cha mtu mzima. Mtoto mchanga pua ikiziba hunyonya kwa taabu, hivyo mtilie matone ya maji ya chumvi yanayouzwa dukani, muda mfupi kabla ya kunyonya. Akipumua mbiombio, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.