Somo la kwanza kwa tableti

SWALI: Mwalimu mwenzetu, nafundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi huku Masisi. Tumepata kompyuta 1 na tableti 10 zenye programu ya Kolibri. Wanafunzi ni 50, na mtandao ni wa kubahatisha. Nianzeje?

JIBU: Mtandao usikutie hofu. Kolibri, kazi ya shirika la Learning Equality la Marekani, ilitengenezwa kwa shule kama yako: masomo hukaa ndani ya kompyuta, na tableti huyapata kwa Wi-Fi ya hapo hapo darasani. Kambi ya Kakuma, Kenya, imeitumia.

Jioni ya kuamkia somo, chaji vyombo vyote, kisha fanya zoezi zima mwenyewe kwa akaunti ya mwanafunzi. Chagua mada waliyokwisha kuisoma, tuseme kulinganisha 2/3 na 3/4, ili kigeni kiwe chombo tu. Gawa vikundi vya watoto 5. Anayegusa kioo abadilishwe kila swali, wengine wakokotoe daftarini. Wakati huo fungua ukurasa wa mwalimu: utaona swali lililowashinda wengi. Simamisha kazi, ulifafanue ubaoni.

Umeme ukikatika, chaki imalizie somo. Tableti haimwondoi mwalimu.