Ukitaka Kuacha Mkorogo: Kumfikia Daktari wa Ngozi kutoka Kagongwa

Hatua ya 1: kusanya vyote unavyopaka. Losheni, tyubu, sabuni, na ule mkorogo uliopimiwa kwenye kopo lisilo na lebo. Usivitupe, daktari atavihitaji.

Hatua ya 2: soma lebo. Tafuta hydroquinone, clobetasol, betamethasone, mercury, calomel au Hg. Matatu ya mwisho ni zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama hukamatia dhahabu. Hupenya ngozi na kuumiza figo, na mama aliyejipaka humpitishia mtoto anayemlaza kifuani. Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unapiga vita vipodozi vya aina hii. Ukiona lolote kati ya majina hayo matatu, acha leo hii. Usikichome kipodozi wala kukimwaga. Kifunge vizuri uende nacho.

Hatua ya 3: usikurupuke kuacha steroidi. Hapa ndipo watu wanapoumia. Clobetasol na betamethasone ni steroidi, dawa halali za hospitali, hutibu magonjwa kama pumu ya ngozi. Zikipakwa usoni miezi mingi, ngozi huwa nyembamba na chunusi huzuka. Ukiziacha ghafla uso huwaka na kuvimba. Mtu hudhani ngozi inamdai mkorogo, akaurudia. Aliyepaka mwili mzima kwa muda mrefu ana hatari kubwa zaidi, kwa kuwa mwili wake huenda umepunguza kutengeneza homoni zake wenyewe. Daktari ndiye apange namna ya kupunguza. Kama hujui kilichomo kwenye kopo lako, wahi kumwona.

Hatua ya 4: anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Manispaa ya Kahama na, ikibidi, hospitali ya Bugando, Mwanza. Wataalamu wa ngozi wapo nchini: kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu miaka ya 1990. Anayetaka kukuchoma sindano ya kung'arisha au kukuchubua uso saluni, muulize usajili wake wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Akisitasita, ondoka.

Hatua ya 5: nenda bila poda, useme yote. Umepaka tangu lini, kama una ujauzito au unanyonyesha, kama nyumbani kuna anayechoma dhahabu kwa zebaki. Usione haya, dada yangu, nawe kaka. Vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi humwambia daktari kabla hujafungua mdomo. Kisha uliza: tatizo langu linaitwaje? Dawa hii nipake wiki ngapi? Nipimwe mkojo kuangalia figo?

Ukivimba uso au miguu, mkojo ukitoa povu, au mikono ikitetemeka, usingoje miadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Ngozi hutulia polepole, kwa miezi. Vaa kofia pana juani, na urudi kliniki tarehe uliyopangiwa hata kama uso umeanza kupendeza.