Dondoo muhimu: Daftari la darasa katika hisabati

Mwalimu wa sekondari hapa kijijini Ipole, tenga daftari moja kubwa la darasa. Kila kipindi mwanafunzi mmoja aandike alichoelewa, na hasa pale alipokwama; mwenzake amjibu chini yake. Ruhusu Kiswahili, hata kama mtihani wa kidato cha nne huandikwa kwa Kiingereza. Kuelewa kwanza.

Anza na swali la mambo ya nyumbani kwa wanafunzi: ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo ngapi? Atakayejibu 20 amefikiria maji. Lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo ni kama kilo 28. Aeleze tofauti hiyo kwa maneno yake, si kwa tarakimu tupu.

Usilijaze daftari hilo wino mwekundu. Lisome kila Ijumaa, uwajibu kwa maandishi.